Mkono wa Kushoto

Kila Jumanne saa tatu asubuhi, ghorofa ya pili Chiromo,
nakunja mikono ya shati, naukodisha mwili wangu kwa mbu.
Mkono wa kulia ni mtupu, umeoshwa kwa maji bila sabuni.
Wa kushoto umepakwa mafuta ya kivumbasi, matone mawili,
na Daktari Mutheu ameshika saa kama refa.
"Ingiza."

Ndani ya kizimba cha wavu mna mbu majike hamsini,
hawajala tangu jana.
Mkono wa kulia wanaujia kama wageni kwenye pilau ya arusi.
Wa kushoto wanauzunguka, wanashuka, wanasita,
wanageuka hewani kama mdaiwa
aliyemwona mwenye duka kwa mbali.
Kazi yangu ni kuhesabu bila kujikuna.
Arobaini na mmoja. Wawili.
Andika, Kebaso.
Naandika.

Nimezoea kusema "dawa ya mbu",
lakini kivumbasi hakinijui, hakikumea kwa ajili ya ngozi yangu.
Kilikuwa zake porini, hakina miguu ya kumkimbia kiwavi,
hakina kiganja cha kumzaba panzi kofi,
kikajifunza ukali, kikauficha jani kwa jani
katika vifuko ambavyo ni hadubini tu inayoviona,
vinang'aa kama mafuta juu ya mchuzi.
Ukilivunja jani ndipo linaposema.
Sisi tumedokoa maneno
ya ugomvi usiotuhusu.

Mama yangu haistahi maabara.
Alilima pareto miaka ishirini na mitatu, Nyamira, ekari moja na robo,
vidole vikinuka maua hata kanisani.
Alipeleka maua kwa magunia, akarudi na risiti.
Pesa hazikurudi.
Risiti bado anazo, ndani ya Biblia, kwenye Hesabu.

Alipohamia kwangu Kariobangi
alibinua godoro kabla hata hajaketi,
akamwona kunguni, akamwamkia kama jirani wa zamani.
Kesho yake akafungua fundo la leso: maua makavu.
Akayatwanga, akautia unga kwenye nyufa za kitanda
taratibu, kama atiaye chumvi kwenye kidonda cha mtu mwingine.
Asubuhi tukawafagia. Wengine walikuwa chali, wakirusha mateke.
"Wewe unawafukuza," akasema, "mimi nawaua.
Na mwenye mshahara ni wewe."

Kuna safu kwenye daftari nisiyopenda kuijaza.
Saa ya kwanza, wawili.
Ya pili, sita.
Ya tatu, kumi na tisa.
Ya nne mkono wa kushoto hauna tena la kuwaambia,
umekuwa pacha wa mkono wa kulia.
Harufu ni kitu cha kuondoka. Ndiyo kazi yake.
Isingeondoka ngozini, isingemfikia mbu.
Na usiku wa Kariobangi una saa kumi na mbili,
na mtaro ulio nyuma ya ploti hauendi likizo.

Kwa hiyo kuna kopo la rangi dirishani, limepandwa kivumbasi,
limefungwa kwa waya, wezi wa Kariobangi hawachagui.
Saa nane za usiku naamka bila kengele.
Mbu mmoja anapiga filimbi juu ya kitanda cha mama,
chandarua kimepasuka pale nilipoahidi kushona.
Nachuma majani matano, nayafikicha,
kiganja kinakuwa kijani na baridi,
naanza kumpaka, polepole, asiamke.
Mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kwenye vidole
ambavyo nadhani bado vinanuka pareto, au ni mimi tu.
Kisha nanyanyuka, kwa mazoea,
kana kwamba nimemaliza.

Mama hafungui macho.
Anautoa mkono wa kulia chini ya blanketi,
ananinyoshea.
"Na huu," anauliza, "ni wa nani?"